Homa Ambayo Si Malaria: Kinga ya Mwili Katika Siku za Mwanzo za VVU

Mwaka 2011 watafiti wa Kilifi, katika mpango wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, walichapisha matokeo ambayo naona yangestahili kubandikwa katika kila duka la dawa kuanzia Mtwapa hadi Malindi. Walikuwa wakiwafuatilia watu wazima walio katika hatari kubwa ya kupata virusi vya Ukimwi na kuwapima mara kwa mara, hivyo waliweza kujua kwa ukaribu ni lini kila aliyeambukizwa alipata maambukizi. Ikabainika kwamba wengi wao, katika kipindi hicho hasa, waliugua wakatafuta tiba upesi. Na mara nyingi walitibiwa malaria.

Si ajabu. Homa hapa pwani huhesabiwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu anaamka mwili mzima unamuuma, koo linawasha, kichwa kinagonga, ametokwa na mitoki kinenani na uvimbe shingoni, pengine na vipele kifuani. Anakwenda dukani.

"Pole, kaka. Ushapima malaria?"

Anatobolewa kidole. Tone la damu linawekwa kwenye kipimo, matone ya maji ya dawa yanafuata, wanasubiri dakika 15. Unatokea mstari mmoja tu, ule wa kuonyesha kwamba kipimo chenyewe ni kizima. Malaria hamna. Anapewa vidonge vya maumivu, pengine na dawa mseto ya malaria vilevile, na baada ya wiki moja au mbili homa imekwisha. Anamshukuru Mungu, anarudi kazini.

Homa hiyo huletwa na mwili wenyewe. Kirusi cha Ukimwi hakitoi sumu ya kumchemsha mtu. Joto, uchovu na viungo kuuma hutokana na kemikali ambazo seli za kinga humwaga kwenye damu zikiitana na kuamshana, katika siku zilezile ambazo virusi vimejaa kuliko wakati mwingine wowote kabla ya ugonjwa kufika mwisho. Yule aliyeketi kwenye benchi la duka la dawa yuko katikati ya tukio litakaloamua mengi ya miaka yake ijayo, na kwa kawaida hakuna anayejua, hata yeye.

Tumezoea kusikia habari za CD4, seli nyeupe zinazoiongoza kinga, na za kingamwili, protini za damu zinazomnasa adui. Hizo ni za kinga inayojifunza, ambayo huhitaji wiki mbili au zaidi kumtambua adui mpya na kuzalisha seli za kumlenga yeye tu. Kabla yake ipo kinga ambayo mtoto huzaliwa nayo. Hii haimjui adui kwa sura. Inatambua dalili za jumla, kama vile RNA (maandishi ya urithi ambayo kirusi hiki hubeba) iliyokaa mahali isipopaswa kuwa, au seli iliyopoteza alama zake za kawaida, na huitika ndani ya saa chache. Hii ndiyo ninayotaka kuieleza. Katika mazungumzo yetu ya VVU imepewa nafasi ndogo mno, na utafiti wa miaka 20 hivi iliyopita umeonyesha kwamba ndiyo inayoweka msingi wa yanayofuata.

Tuanzie pale virusi vinapoingilia. Ndani ya ngozi ya sehemu za siri kuna seli zenye matawi, ziitwazo seli za Langerhans. Juu yake zina protini, langerini, ambayo hukinasa kirusi, hukivuta ndani na kukivunjavunja. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba virusi vikiwa vichache, seli hizi huvizuia badala ya kuvisambaza. Vikiwa vingi kupita kiasi, au ngozi ikiwa imevimba kwa ugonjwa mwingine wa zinaa, kizuizi hicho hudhoofika. Mwenye kidonda cha zinaa huambukizwa kwa urahisi zaidi kwa sababu mbili kwa pamoja: ngozi imetoboka, na chini yake zimekusanyika CD4 zilizoamka, ambazo ndizo kirusi hiki huzitafuta. Tohara nayo inaingia hapa. Upande wa ndani wa govi una seli nyingi za kushikwa na kirusi, na majaribio matatu makubwa, ya Kisumu, ya Rakai nchini Uganda na ya Orange Farm Afrika Kusini, yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Wanaume wetu wa Malindi na Lamu kwa kawaida hutahiriwa tangu utotoni, kwa hiyo nafuu hiyo wanayo tayari. Lakini asilimia 60 si 100, na mwanamke hapati kinga hiyo moja kwa moja.

Mlango huu ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Katika maambukizi kati ya mwanamume na mwanamke, karibu mara 80 kwa kila 100, virusi vyote vinavyokuja kuujaza mwili ni wazao wa kirusi kimoja tu kilichofaulu kupita. Vingine vilivyoingia pamoja nacho vilifia njiani. Na hicho kimoja mara nyingi si dhaifu: virusi vianzilishi, vikilinganishwa na vile vya mtu aliyekaa na maambukizi kwa miaka, huwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuihimili interferoni, kemikali ya kinga nitakayoieleza sasa hivi. Maana yake ni kwamba kinga ya kuzaliwa nayo ilishafanya uchujaji wake kabla sisi hatujajua lolote.

Interferoni ndiyo kiini cha habari hii, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Katika damu kuna seli za kinga ziitwazo dendraiti, na aina yake moja wataalamu huiita pDC. Ni chache sana, hazifiki hata moja katika kila seli nyeupe 100. Ndani yake kuna kitambuzi kiitwacho TLR7, ambacho hunusa RNA ya kirusi kilichomezwa. Kikishaigundua, pDC humwaga interferoni kwa wingi usiofikiwa na seli nyingine yoyote. Interferoni haiui kirusi. Huzifikia seli za jirani na kuwasha ndani yake mamia ya jeni za ulinzi. Mojawapo hutengeneza APOBEC3G, ambayo huharibu maandishi ya kirusi kinapojinakili, kizazi kinachofuata kikatoka na makosa yasiyoponyeka. Nyingine hutengeneza tetherini, ambayo huvishika virusi vipya juu ya ngozi ya seli vinapotaka kuondoka, visiweze kwenda kokote.

Ulinzi huu ungetosha dhidi ya virusi vingi. Kirusi cha Ukimwi kina jeni tisa tu, na nne kati yake kazi zake kubwa ni kuuvunja ulinzi wa mwili. Mojawapo, Vif, huiangamiza APOBEC3G. Nyingine, Vpu, huiondoa tetherini. Kilikuja kimeshajiandaa.

Kisha kuna tatizo la pili, na hili ndilo lililowashangaza wengi. Kemikali zinazomwagwa ili kuomba msaada huvuta CD4 kuja mahali pa maambukizi, tena zikiwa zimeamka, hali ambayo kirusi huipenda kuliko zote. Ni kama paa la makuti limeshika moto, mwenye nyumba akapiga ukunga, na majirani wakaja mbio kila mmoja amebeba mzigo wa makuti makavu kichwani. Ukunga haukuwa na kosa. Asingepiga, nyumba ingeteketea upesi zaidi. Ila kila anayeitika huongeza cha kuungua.

Kasi ya jambo hili tuliijua vizuri kutokana na utafiti ulioitwa RV217, uliochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha Kenya, Uganda, Tanzania na Thailand. Hapa Kenya ulifanyika Kericho. Watu ambao hawakuwa na VVU, lakini walikuwa katika hatari kubwa ya kuvipata, walitobolewa kidole mara mbili kwa wiki na damu ikatafutwa RNA ya kirusi. Ni kazi ya uvumilivu mkubwa, na walioifanya hasa ni hao waliojitolea vidole vyao. Kwa waliokuja kuambukizwa, virusi vilifika kilele siku ya 13 baada ya RNA kuonekana mara ya kwanza: karibu milioni tano katika kila mililita moja ya damu. Kipimo cha kingamwili kilianza kusoma siku ya 14. Halafu virusi vikashuka, na kufikia siku ya 31 vilikuwa takriban 20,000, kiwango ambacho kilikaa karibu hapohapo katika miezi iliyofuata.

Nambari hizo zina uzito. Mtu akiwa na virusi vingi kuliko wakati wowote, na hivyo akiwa rahisi mno kumwambukiza mwenzake, kipimo cha kawaida kinaweza kumwambia hana kitu. Na kiwango kitakachobaki baada ya mwezi mmoja, kiwe cha juu au cha chini, ndicho kinachobashiri ugonjwa ungekwenda kwa kasi gani bila dawa. Mwezi mmoja tu, na mengi yameshapangwa.

Ni nini kinachovishusha virusi kutoka milioni tano? Sehemu kubwa ya sifa huenda kwa seli za CD8, wauaji wa ile kinga inayojifunza. Lakini kabla hazijawa tayari, seli nyingine zimeshaongezeka kwenye damu: seli za NK, yaani wauaji wa asili. Seli ya NK hupita ikikagua. Kila seli nzima ya mwili hubeba juu yake alama ziitwazo HLA. Seli iliyoingiwa na kirusi mara nyingi hupoteza alama hizo, kwa sababu kirusi, kupitia Nef, nyingine kati ya zile jeni zake nne, hudhoofisha HLA-A na HLA-B ili CD8 zisikione. Seli ya NK hufanya kinyume: ikikuta alama zimekosekana, inaua. Kirusi kinajikuta kimebanwa pande mbili, kwa hiyo Nef huziacha alama nyingine, ikiwamo HLA-E, ili NK zitulie. Haifanikiwi kila mara. Watu wenye aina fulani ya kitambuzi cha NK, KIR3DS1, wakiwa pia na aina ya HLA inayoendana nacho, walionekana kuchelewa kufikia Ukimwi katika zama za kabla ya dawa bora. Hilo lilichapishwa mwaka 2002, na likawafanya wengi waanze kuzitazama NK kwa jicho jingine.

Hapa mtu atauliza: je, suluhisho si kuipa kinga hii nguvu zaidi, tumwongezee mgonjwa interferoni? Swali zuri, na lilijibiwa mwaka 2014 kwa nyani wa Asia wa jamii ya rhesus, ambao wakipewa SIV, ndugu wa VVU, huugua kama sisi. Walipozuiwa interferoni yao katika siku za mwanzo, ugonjwa ulikwenda mbio na wakafa mapema. Walipopewa interferoni kabla, ilichukua majaribio mengi zaidi ya kuwaambukiza kabla virusi havijashika. Lakini walipoendelea kupewa, seli zao ziliacha kuisikia, jeni za ulinzi zikazimika, na wakaishia na CD4 zilizopungua haraka zaidi. Dawa ileile, faida mwanzoni na hasara baadaye.

Kwa mwenendo ulio bora hatuna haja ya kwenda Asia. Tumbili wanaozurura mashambani kwetu, na kima wanaowanyang'anya wageni ndizi kwenye magofu ya Gede, ni wa jamii ambazo kwa asili hubeba aina zao wenyewe za SIV, na zimekuwa nazo kwa muda mrefu sana. (Asiingiwe mtu na hofu: VVU vilivyoenea duniani havikutoka kwao, vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni.) Tumbili wa Afrika akiambukizwa, virusi hujaa katika damu yake karibu sawa na kwa binadamu, na hapati Ukimwi. Interferoni yake hupanda vilevile, tena kwa nguvu. Tofauti ni kwamba baada ya wiki chache hushuka na mwili unatulia, ilhali kwa binadamu asiyetibiwa mwako huo hauishi miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2017 watafiti wa Institut Pasteur ya Paris waliongeza jambo jingine: seli za NK za tumbili hao huingia hadi kwenye vitovu vya tezi za limfu, ambako kwa binadamu virusi hujificha, na kuvizuia visizaliane humo. Walipoziondoa NK hizo, virusi katika tezi viliongezeka.

Kwa hiyo nguvu peke yake si kipimo cha kinga nzuri. Mimi nimesadiki kwamba kuwahi na kujua kutulia kuna uzito kuliko ukali, na ushahidi kutoka kwa binadamu unaelekea hukohuko. Jijini Nairobi, tangu miaka ya 1980, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, akiwamo marehemu Frank Plummer, waliwafuatilia wanawake wa Pumwani wanaofanya biashara ya ngono, wakagundua kwamba wachache wao hawaambukizwi licha ya kukutana na virusi tena na tena. Wengi walitarajia kukuta kinga iliyowaka. Uchunguzi wa baadaye ulikuta seli zilizotulia kuliko za wenzao, zisizompa kirusi pa kushika. Tofauti kati ya wanawake na wanaume inasema jambo lilelile kwa upande wa pili. TLR7 inakaa kwenye kromosomu X, na pDC za wanawake hutoa interferoni nyingi kuliko za wanaume. Mwanzoni wanawake huwa na virusi vichache zaidi. Lakini wakiwa na kiwango sawa cha virusi na wanaume, wao ndio hufikia Ukimwi upesi zaidi bila dawa.

Kuna hasara ambayo haionekani kwenye homa wala mitoki: ya utumbo. CD4 nyingi za mwili hukaa kwenye kuta za utumbo, na katika wiki za kwanza huangamizwa kwa wingi. Pamoja nazo huondoka seli nyingine za kinga ya kuzaliwa nayo, ziitwazo ILC, ambazo baadhi yake hulinda uzima wa ukuta huo. Ukuta ukidhoofika, vipande vya bakteria wa tumboni huvuja kuingia kwenye damu, na kinga huamshwa usiku na mchana na kitu ambacho si VVU tena. Mwako usioisha niliousema huchochewa kwa sehemu kubwa na uvujaji huu.

Aliyechangia sana kutufahamisha habari ya ILC ni Mkenya, Profesa Thumbi Ndung'u, anayefanya kazi Durban, Afrika Kusini. Katika mradi uitwao FRESH huko Umlazi, wasichana wa miaka 18 hadi 23 hupimwa RNA mara mbili kwa wiki huku wakipewa mafunzo ya maisha na kazi. Mwaka 2016 yeye na wenzake walionyesha kwamba ILC za kwenye damu hupotea katika siku za mwanzo za maambukizi na hazirudi, hata mtu akianza dawa baadaye. Walioanza dawa mapema kabisa, kabla au karibu na kilele cha virusi, walibaki nazo. Nikiulizwa ni tokeo gani moja ningependa kila muuguzi wa pwani alijue, ni hilo. Dawa ni zilezile, lakini siku ya kuanza huamua ni nini kitasalia.

Mapema nayo ina mpaka. Nyani waliopewa dawa siku ya tatu tu baada ya kuambukizwa bado walikuwa na virusi vilivyojificha, na dawa iliposimamishwa vilirudi. Ndiyo maana dawa za ARV haziachwi.

Sasa turudi kwenye homa za pwani. Kipimo cha haraka cha VVU husoma kingamwili, na kingamwili huweza kuchukua wiki kadhaa, hata hadi miezi mitatu, kuonekana. Kipimo cha RNA kinawahi zaidi, na mashine zake si ngeni: ndizo zinazopimia watoto wachanga na kiwango cha virusi cha wanaotumia dawa. Utafiti ulioitwa Tambua Mapema Plus uliwapima kwa RNA watu wa miaka 18 hadi 39 waliofika na dalili katika vituo vya afya vya pwani ya Kenya, na ulionyesha kwamba jambo hili linawezekana katika vituo vya kawaida. Mpaka hapo litakapokuwa desturi, mwenye homa isiyo malaria, ambaye wiki mbili tatu zilizopita alifanya ngono bila mpira na mtu asiyejua hali yake, amweleze daktari waziwazi maneno hayohayo, apime VVU siku hiyo, na arudi apime tena hata kama jibu la kwanza ni hapana. Katikati ya majibu hayo mawili atumie mpira. Aliyekutana na hatari jana au juzi asingoje homa: dawa za PEP, za kuzuia maambukizi baada ya kukutana na virusi, huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Anayeishi na hatari hiyo mara kwa mara ana PrEP, dawa ya kujikinga kabla ya kukutana na virusi, ambayo Kenya ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2017. Na muuza dawa anapoona mstari mmoja kwenye kipimo cha malaria, aulize swali moja zaidi, kwa upole na kwa siri, kabla ya kufungasha vidonge.

Kikundi cha Durban kimekwenda hatua nyingine. Wanawake 20 wa FRESH walioanza ARV mapema sana walipewa kingamwili mbili maalumu pamoja na dawa inayoamsha TLR7, kile kitambuzi cha pDC, kisha ARV zikasimamishwa chini ya uangalizi mkali. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Wengi walilazimika kurejea kwenye dawa. Sita walikaa bila dawa hadi mwisho wa wiki 48 za jaribio, na wanne kati yao walikuwa bado wanaendelea bila dawa matokeo yalipotolewa.